Manivela Chini ya Kitanda

Enzi zetu, sisi watoto wa Murara tulijua saa kwa mashine ya kusaga ya Papa, baba yangu. Iliponguruma asubuhi tulikimbilia shule. Iliponyamaza, ugali ulikuwa karibu. Tulicheza kando yake hadi unga ukatutia mvi, na Mama akituita wazee wake.

Papa hakumwamini mtu. Kila jioni alichomoa manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, akarudi nayo nyumbani. Wenye mashine wote walifanya hivyo. Yetu ililala chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa maharagi. "Mutoto, usionyeshe mutu," alinionya.

Nami nikamwonyesha mtu. Alipita mpiga picha mgeni, akanipiga picha, akanisifu kuwa fundi mdogo. Kichwa kikanivimba, nikamwingiza hadi chumbani. Wiki haikuisha, manivela ikapotea. Papa akamshuku jirani yetu Papa Ramazani, mwenye mashine kama yetu, na hawakusalimiana tena. Mimi nikafunga mdomo. Hadi leo sijui kama mwizi ni yule mgeni, lakini aibu ninayo.

Leo mpiga picha ni mimi, tena naandika vitabu juu ya mashine za zamani. Iwe mji wa Kiwanja au Kalengera, kila niendako wazee wananikagua kuanzia viatu, na siwalaumu. Wajukuu wao hawajui hata manivela ni kitu gani, ila simu wanailalia kama kuku na mayai, mama mzazi asiiguse.

Juzi nilimpelekea Papa kitabu changu kipya. Alifunua taratibu, akakomea kwenye picha ya mashine moja ya Kalengera.

"Huyu mwenye mashine, nani alikuonyesha kwake?"

Swali lile lilinirudisha utotoni. Nikamwambia yote, mgeni, chumba, mfuko. Papa alifunga kitabu.

"Ramazani alikuya hapa na manivela yake, aniazime," alisema. "Nikamuambia, hii ni yetu, umeogopa sasa unairudisha. Nikamufukuza."

Siku hizi mashine za Murara ni za umeme, zinawashwa kwa kidole, na jirani hana cha kumwazima jirani. Ingekuwa zamani, ningemshika Papa mkono, tuvuke barabara, tubishe hodi. Nyumba ya Papa Ramazani sasa ina wapangaji. Tukimtaja, wanauliza ni nani.