Macho ya Twaha Ukurasani

Nakumbuka asubuhi moja mjini Mbale, mwanangu, nilipomkuta mama mtu mzima ameketi kwenye baraza ya duka lililofungwa kufuli, amepakata bakuli la chakula lililofunikwa kitambaa, akimngoja mwanawe aliyekwisha kuzama ziwani. Aliyemwambia angoje ni mimi.

Wewe na wenzako hapa ofisini Nalufenya mnaniita Jajja, kana kwamba ni bibi yenu mzaa mama, na hata hamsini sijafika. Sawa, nimekubali. Katika kazi hii ya kutengeneza tovuti, mtu aliyeanza kabla ya simu za kugusa ni mzee wa ukoo. Jana nilikuona ukiweka kwenye tovuti ya mteja wako kijitaa cha kijani cha kusema mtu yupo kazini, mwili ukanisisimka. Kaa basi nikueleze.

Twaha alikuwa mfanyabiashara wa dagaa, hawa tunaowaita mukene. Alinunua Masese, ufukweni mwa ziwa hapa Jinja, akauza Mbale, na wateja wake wengi walikuwa Wakenya wa ng'ambo ya mpaka; ndiyo maana tovuti yake tuliiandika kwa Kiswahili. Mtu wa mzaha sana. Akija Jinja lazima apite ofisini aniulize kama bado nachora vibonzo na kuviita kazi.

Na kweli nilipenda kuchora kuliko kula. Nilimchora yeye: kofia ya kufuma, mwanya, macho yanayocheka. Kisha nikaandika msimbo, yale maagizo ya kompyuta. Saa mbili asubuhi macho yafumbuke, taa ya kijani iwake na maneno yatokee, "Twaha yupo dukani, karibu." Jioni macho yafumbe, maneno yageuke, "Twaha ametoka kidogo, atarudi kesho." Hakuna aliyehitaji kugusa kitu, saa ya kompyuta ilifanya yote. Nilijisifu mno. Nikaieleza hata kwenye ukurasa wangu wa mambo ya kila siku, pale ninapoandika juu ya msimbo, michoro na ndege ninaowaona mtoni. Usione vyaelea, vimeundwa, nikawaambia wasomaji wangu, nikiwa nimevimba kichwa.

Siku moja ya upepo Twaha alipanda mashua kwenda visiwani kutafuta mzigo, mashua ikapinduka. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Nililia, nikampigia simu dada yake Zaitun kumpa pole, nikarudi kwenye kazi zangu. Ile taa haikunijia akilini hata kidogo.

Baada ya muda Zaitun akanipigia yeye. "Dada, njoo Mbale. Mama anakataza watu kuswalia Twaha. Anasema mtu yupo dukani, watamswalia namna gani? Anasema simu yenyewe inasema."

Hapo ndipo nilipoikumbuka taa yangu. Shehe alikuwa tayari kwa swala ya ghaibu, ile ya kumswalia maiti ambaye hayupo, na mama alikuwa amemzuia. Kila asubuhi alitoka nyumbani, mtaa wa Namatala, kwa miguu na chakula cha mwanawe, akakaa pale dukani mpaka jioni. Mwenyewe hali kitu. "Amebaki mifupa," Zaitun akasema, "tutazika yeye sasa." Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na hapa neno lao lilikuwa la kweli kabisa.

Nilisafiri, nikalala kwa Zaitun, na asubuhi nikaenda dukani. Mama Twaha alinipokea kwa wema, akanisogezea mkeka. Harufu ya dagaa ilikuwa bado inapenya chini ya mlango. Simu alikuwa ameishika mkononi, na kwenye kioo chake Twaha alikuwa amefumba macho.

Saa mbili ilipotimia, akayafumbua.

Mwanangu, mchoro ule ni wangu. Msimbo ni wangu, nilijua kila mstari unafanya nini. Bado nywele zilinisimama. Mama akaiinamia simu, akasema kwa sauti ya chini, "Umeamka, baba?" Halafu akageuka kutazama mlango, nami nikageuka, nikajikuta nasikiliza. Ndani kitu kikachakura. Panya, bila shaka, dukani kwa dagaa hawakosi. Lakini saa ile sikuthubutu kulitamka neno panya.

"Mama," nikasema, "si yeye. Ni saa. Mimi niliiambia saa imfumbue macho."

Watu walipita barabarani wakitusalimia, hakuitikia.

"Wewe uliambia saa," akasema mwishowe. "Sasa nani ataambia saa kwamba Twaha alikufa?" Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kumtoka, Zaitun aliniambia baadaye. "Bambi, maskini, binti yangu. Umesimamisha mtoto yangu hapa mlangoni. Haingii, hatoki. Na mimi mama yake nitamfunga macho namna gani, na maji ilimeza mwili?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikatoa kompyuta yangu, nikaifungulia palepale barazani. Nikaondoa saa, nikaondoa taa na yale maneno ya kurudi kesho. Nikayafumba macho ya mchoro, na chini yake nikaandika jina lake na "Mwenyezi Mungu amrehemu." Kwenye kompyuta yangu Twaha akalala. Kwenye simu ya mama alikuwa bado anatutazama, maana simu hushikilia ukurasa wa zamani mpaka uivute upya.

Nilinyoosha mkono niichukue simu. Akaikwepesha.

"Nionyeshe tu."

Nikamwonyesha: weka kidole juu, ushushe. Akakifuta kidole kwenye leso yake, akakiweka pale penye paji la uso wa mwanawe, akakishusha polepole mpaka kidevuni. Ukurasa ukapauka kidogo, ukarudi, na macho yakawa yamefumba.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Kisha akafunua bakuli, akaninawisha mikono. "Kula na mimi." Tukala chakula cha Twaha, mimi nikilia wazi. Ijumaa wakamswalia.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Taa yoyote inayosema mtu yupo, iwashwe na mkono wa mtu, usiiachie saa. Na kabla hujamweka mtu ukurasani, muulize: siku usipokuwepo, nani ataniambia? Ataguna, atasema unamtabiria mabaya. Muulize tu, kuuliza si kumloga mtu. Halafu ukisikia msiba, usiishie kutoa pole kwa simu. Nenda katazame uliacha nini kinachosema kwa jina la marehemu.

Ukurasa wa Twaha bado upo, mama yake hataki uondolewe. Huwa naufungua mara mojamoja, na sijawahi kuufungua bila kutoa salamu kwanza.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, iwafae walio hai na isiwasumbue waliolala. Na siku yako ikifika, baada ya maisha marefu, usikose mkono wa akupendaye wa kukufumba macho. Amina. Sasa nenda kakizime kile kijitaa.