Ti na Si za Fundi Bati

Meneja wa ukumbi mpya alipokuja kutafuta mtu wa kutunga ngoma ya ufunguzi, fundi bati alikuwa ameshang'olewa meno manne ya mbele na hakuwa na hamu ya kumfurahisha mtu. Ndoo zake hazikuwa na mnunuzi tangu plastiki ilipoingia. Ndoo ya bati ikitoboka ilizibwa, ikaishi. Hii ya leo ikipasuka hutupwa, na aliyeinunua hajui hata nani kaitengeneza. Wenzake wa bendi ya ngoma aliyoipigia ujanani walikuwa wamepukutika mmoja mmoja kama punje kwenye gunzi. Kukataa nako kunachosha. Akakubali.

Kutunga hakukumshinda. Miaka miwili alifua bati ng'ambo ya barabara huku ukumbi ukijengwa, na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Alizijua nyundo za maseremala, koleo likikwangua mchanga, mashine ya zege ikikohoa asubuhi. Kwa wiki tatu vyote vikawa ngoma moja ya wapigaji sita kichwani mwake: unaanza na koleo moja, unamaliza jengo zima limesimama. Kilichomshinda ni kuitoa humo kichwani.

Maana ngoma yao haikuandikwa, ilisemwa. "Du" ni kiganja katikati ya ngozi. "Ti" ni ncha za vidole ukingoni, sauti iachwe ilie. "Si" ni palepale ukingoni, ila mkono wa pili unaizima. Zamani mwanafunzi alisema tu mwaka mzima kabla ya kugusa ngozi, na akikosea alirudishwa kwenye ufagio. Sasa ti ya fundi ilitoka "thi", na si yake nayo "thi". Kuonyesha kwa mkono hakukusaidia. Vidole vilishakakamaa kwa baridi yabisi.

Wapigaji walikuwa sita, wote na vyeti vya chuo.

"Mzee Kishindo," akauliza kiongozi wao, kijana mwenye miwani, "hii thi ni ya kulia au ya kuzima?"

"Ya kuthima!" alifoka fundi.

Mmoja akageukia ukutani kuficha kicheko. Wakapiga. Ukumbi ulikuwa na mwangwi, na kila pigo lililotakiwa kuzimwa lilizunguka kuta, likarudi kuwagonga wenzake. Ungedhani lori la vyuma chakavu limepinduka.

Meneja alimvuta kando. "Mzee wangu, Ijumaa wageni wanaingia. Kesho isiposhika, tutaweka muziki wa kompyuta. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vithuri," alisema fundi.

Nyumbani alilowanisha mkate kwenye chai. Vidole vikaanza kugonga meza vyenyewe, polepole, ile sehemu ya koleo. Mkewe alikuwa akichagua mchele, hata hakuinua uso.

"Umeruka. Ni du-du, ti, si-si, ti."

Fundi akamtazama. "Umejuaje?"

"Nimejuaje! Wiki tatu unanigongea meza, kitanda, mpaka mgongo wangu. Na kabla ya hapo miaka thelathini na minane. Hata sufuria zangu zingeweza kukusomea."

"Kesho njoo ukumbini. Uwathemee."

"Mimi? Ule mlango wa mazoezi ya bendi ulinifungia wewe, baba watoto. Mwanamke asikanyage, mkasema. Nilikuwa nikisikiliza nje na beseni la nguo."

Mengi ya zamani fundi aliyalilia, lakini lile la mlango hakuwahi kulikumbuka.

"Mama wathoto," alisema, "nakuomba."

Alishamwomba maji, shati, chumvi. Kwa habari ya ngoma ilikuwa mara ya kwanza. Mkewe alimaliza sinia zima la mchele ndipo akasema, "Goti likiniuma utanibeba."

Kesho yake aliketi jukwaani, mkoba mapajani, akaisema ngoma sehemu kwa sehemu kama anayeagiza vitu dukani. Vijana wakamrekodi kwa simu zao. Kufika saa sita walikuwa wameishika. Mwaka wa kusema na kufagia uliingia katika asubuhi moja. Fundi alijua anapaswa kufurahi, lakini alihisi uchovu tu, kama mtu aliyeubeba mzigo safari nzima akaambiwa kulikuwa na gari.

Walipoirudia yote, kwenye sehemu ya nne akashtuka. "Hapo ni thi!"

"Anasema ti," mkewe akawaambia vijana, kisha akamgeukia. "Hapo ni si."

"Mimi ndiye niliyethunga!"

"Na ukabadilisha Jumapili ukifunga viatu. Ukasema ti hapo inapiga domo."

Fundi hakukumbuka Jumapili wala viatu. Kiongozi wa wapigaji akasema wajaribu zote mbili. Kwa ti, mwangwi ulimeza pigo lililofuata. Kwa si, ukumbi mzima ukanyamaza ghafla, na kutoka katika ukimya ule likasikika koleo moja, likikwangua mchanga.

Meneja alikuwa mlangoni. Aliondoka bila kutaja kompyuta.

Vijana wote wakamtazama mzee, wakingoja.

"Thi," alisema fundi.

Wakatazamana. Kiongozi akamgeukia mama. "Kasemaje?"

"Kasema si," alijibu. "Anzeni mwanzo."

Fundi akashuka ngazi za jukwaa moja moja, akaketi safu ya nyuma, akawaachia.