Kadi Zilizobadilishana Majina

Mimi na pacha wangu tulikuwa na duka la intaneti Manyoni, jirani na stesheni. Yeye ndiye Kulwa, alinitangulia kuzaliwa, wala hakuchoka kunikumbusha. Mimi ni Doto. Kompyuta yetu kuu ilitumia mfumo wa Linux na ilikuwa na kadi mbili za mtandao zinazofanana: moja ilipokea intaneti kutoka mnarani, nyingine iliigawa kwa kompyuta za wateja. Mfumo uliziita eth0 na eth1.

Tulipokuwa wadogo kule Kintinku, ngurumo ikisikika mama alifunika kioo kwa kanga na kuchomoa kila kilichochomekwa ukutani. Nilirithi hofu ile. Wingu likitanda nilizima kompyuta na kuchomoa waya zote, mvua ikikatika nikazirudisha palepale. Mara nyingine intaneti ilirudi. Mara nyingine haikurudi, na pacha wangu akanigeukia.

"Umechomeka kinyume tena."

"Nimerudisha zilipokuwa."

"Kwa hiyo zimehama zenyewe? We nawe na radi zako!"

Na kweli, akizibadilisha waya, intaneti ilirudi. Ningejitetea kwa lipi? Niliumia sana, maana mikono yangu niliijua.

Tuligombana msimu wa mvua, duka limejaa wanafunzi wanaoomba vyuo, na maombi yanafungwa siku hiyohiyo. Radi ilipiga, nikachomoa, nikarudisha, intaneti ikagoma. Aliniita mzembe mbele ya wale watoto. Nikamjibu kwamba kutangulia kuzaliwa si kutangulia akili. Alichukua koti lake akatoka. Baadaye nikasikia yuko Mwanza, amepata kazi.

Nilipobaki peke yangu nilisoma kwa hasira, nikitafuta cha kumtupia usoni. Nikakipata. Kila kompyuta ilipowashwa upya, kadi iliyowahi kuamka ndiyo iliyoitwa eth0, na ya pili eth1. Leo inatangulia hii, kesho ile. Waya zilikaa mahali pake. Majina ndiyo yaliyohama, na mipangilio yetu ikafuata majina. Lakini kila kadi ina anwani yake iliyotoka nayo kiwandani. Niliandika faili dogo: yenye anwani hii iitwe kulwa, yenye ile iitwe doto. Nikarekebisha mipangilio ifuate majina hayo. Nikazima, nikawasha, nikarudia mpaka nikachoka. Hakuna aliyempora mwenzake jina tena.

Sikumpigia. Aliyenituhumu ni yeye, na aanze yeye, si ndiye mkubwa? Mama aliugua muda mrefu, akimwuliza kila mmoja wetu habari za mwenzake. Tulikwenda kumwona kwa zamu, kila mtu na siku yake. Alifariki hajatuona tumekaa mkeka mmoja.

Jioni baada ya mazishi nilimweleza pacha wangu habari za zile kadi. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho chini.

"Najua," alisema. "Nilijua mara tu nilipofika Mwanza. Mashine ya kazini ilifanya vilevile."

"Na hukunipigia?"

"Niliogopa utanicheka."

Ningemcheka kweli, tena mbele ya wateja, mpaka aombe poo. Kisha tungefunga duka, twende wote wawili Kintinku, mama angali hai wa kutuitikia marahaba.