Kata-Umeme na Sauti ya Baba

Ofisini tulimwita Kata-Umeme, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kukijaribu kisanduku cha kuhifadhia mafaili tunachokitengeneza: kukikatia umeme ghafla kikiwa katikati ya kuandika mafaili, kisha kukiwasha na kukagua kama yamesalimika. Mara mia tatu kwa siku. Mimi, jirani yake wa meza, niliwahi kumwambia hiyo ni kazi ya mtoto mtundu. Akanijibu, "Mtoto mtundu haandiki ripoti."

Siku moja dada yake akampigia simu. Kata-Umeme alikuwa amempelekea kisanduku cha kuhifadhia mafaili, hiki hiki tunachokitengeneza sisi, akamwekea humo picha na video za familia mpaka kikakaribia kujaa, na mwisho sauti ya marehemu baba yao, iliyorekodiwa wiki moja kabla hajafa. Dakika kumi na moja. Sasa mzee anaongea dakika nne, halafu kimya mpaka mwisho. Jina la faili sawa, ukubwa sawa, tarehe sawa.

"Ile ya kwenye simu si ipo, dada?"

"Uliniambia nifute, mdogo wangu. Ulisema umehakiki."

Na kweli alihakiki. Alilinganisha nakala na ile ya simu, zikalingana. Ila hakukizima kisanduku kwanza, kwa hiyo kilimsomea yaliyokuwa bado kwenye kumbukumbu yake ya muda, si yaliyoandikwa kwenye diski. Dakika chache baadaye umeme wa mtaa mzima ukakatika. Yeye, wa mara mia tatu kwa siku, siku hiyo alikuwa na haraka ya kurudi kwake! Mpaka leo nikifikiria nachemka, na sijui namchemkia nani.

Alibaki na tumaini moja tu: pengine hitilafu imeitupa sauti mahali pasipo pake kwenye diski, na akiijua hitilafu atajua pa kutafuta. Wiki sita alikata umeme, akawasha, akakagua. Wapi! Chai ilipoa mezani, mashavu yakambonyea. Nilimshauri apumzike, akanitazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni.

Alipoijaza diski ya majaribio karibu kufurika, ndipo hitilafu ikatokea. Kimya kile kile. Ofisi nzima tukapiga makofi, bosi akasema wateja wengi wameokoka. Kata-Umeme hakuinua kichwa. Alikuwa anasoma kumbukumbu za mtambo mstari kwa mstari: diski ikikaribia kujaa, kisanduku kilitenga nafasi, kikajibu kwamba kimeandika, na kumbe bado. Dakika saba za mzee hazikutupwa popote. Hazikuwahi kufika kwenye diski.

Akampigia dada yake pale pale, simu akaiweka mezani kwenye spika.

"Umepata?" dada akauliza kabla ya salamu.

"Nimeipata hitilafu, dada. Haitamtokea mtu mwingine tena."

"Mimi nakuuliza baba."

Akarudi kwenye skrini, akaanza kusoma tena kutoka mstari wa kwanza. Nikajifanya natafuta kalamu mezani kwangu, huku dada yake anasubiri kwenye simu.