Viungo Mia Moja na Viwili

Hapa Kindu kila aliyewahi kushika spana anajiita fundi. Nilipomwambia wa kwanza kwamba natafuta cheni ya pikipiki ya marehemu baba, alicheka mpaka akakaa chini. Wa pili alinishauri niiuze pikipiki yenyewe kwa kilo. Vijana wa taksi za pikipiki, waliozaliwa juzi na wanaoendesha vibati vya Kichina, walikuja kuizunguka wakauliza kama iliachwa na Wabelgiji. Mtu asiyejua kukaza nati ya gurudumu lake mwenyewe, utamjibu nini?

Sikuwa na muda wa upuuzi wao. Mama alikuwa amesema anataka kwenda sala ya Idi juu ya pikipiki ile, kama baba alivyokuwa akimpeleka kabla ya vita. Magoti yake yanakwisha. Alisema Idi hii, si nyingine, na zilibaki wiki tatu. Injini nilikuwa nimeshaifufua mwenyewe, bila msaada wa wale wajinga. Kilichokosekana ni cheni.

Mwenye duka la vipuri ametoka Kivu ya Kaskazini, kama wengi wenye maduka hapa siku hizi. Ni mpole, anaongea polepole, na watu wapole wananichosha. Aliniambia nilete pinyo, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, apime. Nikamjibu kwamba sina haja ya kupimiwa, kwetu tunaijua cheni yetu kwa moyo: viungo mia moja na viwili. Akanihesabia cheni ya viungo mia moja na viwili.

Hesabu hiyo nilifundishwa wakati wa vita. Treni ilikuwa imekoma, mitoni hakupiti kitu, na wenye bunduki wa kila upande walipenda pikipiki kuliko mama zao. Baba akatoa cheni, maana pikipiki isiyo na cheni haimfai mwizi mwenye haraka. Mpaka hapo sawa. Lakini badala ya kuizika kama watu wenye akili, aliikata vipande vitatu, tuvifunge kiunoni chini ya nguo siku tutakapokimbilia msituni. Yeye viungo arobaini na viwili, mama arobaini na viwili, mimi kumi na vinane. Kila baada ya sala ya alasiri alitukaririsha hesabu, nani ana ngapi na jumla ni ngapi, ili turudi nayo kamili.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilimdharau sana. Baba za wenzangu walikimbia na sufuria, chumvi, mihogo. Wangu alikimbia na chuma chenye grisi. Siku ya tatu msituni kipande changu kilikuwa kimenichuna kiunoni mpaka nzi wananifuata. Tulipovuka kijito nikakifungua, nikakiachia majini. Nilijiona mimi ndiye mwenye akili katika familia nzima.

Tuliporudi, milango ilikuwa imebebwa, magodoro yamebebwa, na pikipiki iko palepale imeegemea ukuta. Ujinga wa baba ulikuwa umefaulu. Akatandika mkeka, akapanga vipande, akahesabu. Themanini na vinne. Nikasema askari walinivua changu njiani. Baba alichukua mawese, akanipaka kwenye kidonda, akakunja mkeka.

Cheni nyingine haikupatikana, wakati huo ndege zilileta chumvi na sabuni tu. Amani iliporudi zikaja hizi nyembamba za Kichina, na yeye alikuwa ameshachoka. Alikufa pikipiki ikiwa imesimama sebuleni, na vile vipande viwili vimeliwa na kutu.

Sasa, cheni yangu mpya. Nilipoivalisha, ilikaa juu ya ncha za meno na kukataa kuingia. Nikarudi dukani. Mbele ya wateja nikamwita yule bwana mwizi, nikaongeza kwamba watu wa kwao wote wanakuja kutuuzia takataka. Alingoja nimalize.

“Papa, uliniambia hesabu,” akasema. “Hesabu ndjo kitu ya mwisho. Ikiwa ndefu, tunakata. Ikiwa nyembamba, tutafanya nini?”

Masikio yaliniwaka moto. Miaka yote hiyo tulitunza kama amana hesabu ambayo mtu mwenye patasi na nyundo anaimaliza kwa dakika mbili. Nikaenda kufungua pinyo, nikaileta imefungwa kwenye karatasi kama mgonjwa anayepeleka choo maabara. Akapima nafasi kati ya pini na pini, kisha unene wa jino. Akasema cheni pana namna hiyo hapa haiko, akaagiza Kisangani. Ilishuka kwa barabara ya Lubutu, ikafika siku mbili kabla ya Idi. Alinirudishia hata pesa ya ile nyembamba bila kununa, jambo lililonikera zaidi.

Ilikuja ndefu, viungo mia moja na ishirini. Pinyo ilizama ndani yake bila kucheza. Nilikata ziada uani, kipande kikaanguka kwenye saruji karibu na kigoda cha mama. Akakiokota, akakipitisha chini ya kidole gumba kiungo kwa kiungo, kama tasbihi.

“Kumi na munane,” akasema. Kisha, bila kunitazama: “Ile yako uliitupaka wapi?”

Uongo wangu wa askari ulikuwa tayari mdomoni, na mimi ni mtu mzima mwenye mvi.

“Kwenye kijito, mama. Ilikuwa inanichuna.”

“Baba yako alijua. Alikatazaka tusikuulize. Alisema kosa ndjo yake, chuma ilikuwa nzito kwa mutoto.”

Nikainama kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Asubuhi ya Idi alipanda nyuma, akanishika mabegani. Kipande kile alikuwa amekifunga kiunoni, chini ya kikwembe chake cha sikukuu. Barabara yetu ni mashimo matupu, na katika kila shimo kilinigonga mgongoni, mpaka msikitini.