Tulivyoitafuta tivii ya Bujumbura tukiwa kwenye caravan Kibirizi, na aliyetokea kwenye kioo

Wakuu, salaam kwenu nyote mlioko humu.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Ila juzi kuna mdau alileta uzi analalamika kwamba akienda camping na caravan yake, tivii haishiki kitu. Watu wakamshambulia, mara "tajiri ana shida zake", mara "kaangalie ndege".

Mimi sikucheka. Nilikumbuka Kigoma.

Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Nimebadili majina tu, mengine ni kama yalivyotokea.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa fundi maji. Kwetu ni Kondoa, lakini kampuni ilinipeleka Kigoma kuchimba visima na kufunga matenki kwenye vituo walikokuwa wanapokelewa Warundi na Wakongo waliovuka ziwa.

Mjini vyumba vya kupanga vilikuwa vimekwisha kabisa. Kampuni ikatuletea caravan, nyumba ya bati la aluminiamu yenye magurudumu, inavutwa na Land Cruiser. (Najua kuna mtu ataniuliza caravan Kigoma ilifikaje. Ilikuja kwa treni mkuu, juu ya behewa, na watoto wa stesheni waliishangilia.)

Tulilala humo watu wawili, mimi na dereva wetu Athumani, kijana wa Ujiji. Baba yake Mmanyema, mama yake Muha, na maneno yake hayaishi. Tulikuwa tumeegesha kwenye yadi ya Katubuka.

Ndani kulikuwa na tivii ndogo ya black and white, inatumia betri ya gari. Niliinunua kwa mbwembwe zote. Ikawa inaonyesha chenga tu. Athumani akaipa jina "sufuria ya mchele".

Sasa, kituo cha Kibirizi tulikuwa na mkalimani, mkimbizi wa Burundi, tunamwita dada Ansila. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtulivu, anaongea pale panapohitajika tu. Sisi tulijua jambo moja kumhusu: familia yake ilitawanyika usiku wa vurugu, na mdogo wake wa mwisho, Fideli, hakuonekana tena. Alikuwa bado mwanafunzi. Walimtafuta, wakaulizia kila kambi, mwishowe wakamsomea misa na kumaliza matanga.

Siku moja akanifuata kwenye tenki.

"Fundi, ile tivii yako inapata Bujumbura?"

Nikamwambia haipati hata Kigoma.

Akasema kuna mama amefika na boti wiki ile, jirani yao wa zamani. Huyo mama anaapa kwamba amemwona Fideli kwenye tivii, anaimba na kwaya mchana wa Jumapili.

"Watu wanasema mengi," akasema. "Lakini hili nataka nilione mwenyewe. Kama si yeye, basi niache kuwaza."

Wakuu, mtu akikwambia hivyo, utamjibu nini? Nikamwambia aje Jumapili.

Kosa la kwanza tuliligundua upesi. Antena yangu ilikuwa ile ya masikio mawili, imekaa juu ya kabati, ndani ya caravan. Yaani ndani ya boksi la chuma! Signal itapita wapi? Nikanunua antena ya nje, ile yenye miiba kama mifupa ya samaki, nikaifunga juu ya bomba la kisima. Mabomba tulikuwa nayo mengi kuliko nguo.

Kosa la pili, yadi ilikuwa bondeni. Athumani ndiye aliyesema, "Bujumbura iko kaskazini, ziwa linakwenda mpaka kule. Sisi tumejificha nyuma ya kilima kama tunadaiwa." Tukaomba ruhusa kwa bosi, tukaivuta caravan mpaka kwenye mwinuko juu ya Kibirizi, pale unapoona wanaanika dagaa chini na maji yote mbele yako.

Jumapili ile dada Ansila alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Nikawa juu ya paa nazungusha bomba, Athumani mlangoni anapokea taarifa.

"Anasema rudisha! Hapo hapo! Umepitiliza!"

Picha haikuja. Ila sauti ilikuja, inakatika inarudi. (Tivii za zamani zilikuwa hivyo, sauti inatangulia.) Mtangazaji akaongea Kirundi, kisha kwaya. Katikati ya wimbo kijana mmoja akaimba peke yake.

Nikaliacha bomba. Nikashuka.

Dada Ansila alikuwa amepiga magoti, sikio limegusa spika.

"Musaza wanje," alikuwa anasema. Kaka yangu, ndugu yangu wa kiume. "Ni sauti yake. Ni Fideli."

Tukafurahi pale, tukashikana mikono. Mpaka Athumani, kwa mdomo wake usio na breki, akasema, "Sasa kama ni kanda ya zamani je? Si wanarudiarudia?"

Ningeweza kumpiga. Lakini lilikuwa swali la kweli, na dada Ansila alilijua. Uso wake ulifunga kama duka.

"Basi nahitaji kumwona," akasema.

Wiki ile sikulala vizuri. Nilifanya kazi za watu, lakini akili ilikuwa juu ya kile kilima. Nikakagua waya wa antena, nikakuta umeungwa sehemu mbili kwa solotepu, kutu tupu. Nikaweka waya mmoja mzima, mfupi, bila kiungo. Nikaongeza bomba jingine na kulifunga kwa kamba pande zote, maana upepo wa ziwa hauna adabu. Fundi redio mmoja wa sokoni akaniazima booster ya kuongeza nguvu ya signal.

Jumapili ya pili picha ikatokea! Lakini imejaa mistari inayokimbia, nyuso hazionekani. Kwaya imeshapanda, muda unakwenda. Nageuza antena huku, nageuza kule, mistari ipo vilevile.

Ghafla nikasikia ile kelele niliyokwisha kuizoea. Jenereta yetu, hatua chache kutoka kwenye caravan.

"Athumani, zima jenereta!"

Akaizima. Tivii ikabaki kwenye betri. Mistari ikaondoka yote, kama mtu amefuta kioo kwa kitambaa.

Safu ya nyuma, wa pili kutoka kushoto. Dada Ansila aliweka kidole juu yake.

Hakulia kwanza. Alicheka.

"Ana ndevu!" akasema. "Fundi, tazama. Fideli ana ndevu!"

Mtoto waliyepotezana naye alikuwa hajaota hata unywele mmoja kidevuni. Huyu alikuwa mwanaume mzima. Haikuwa kanda ya zamani.

Ndipo akalia.

Mwisho wa kipindi mtangazaji akataja parokia ya ile kwaya. Dada Ansila akalipeleka jina la hiyo parokia kwa watu waliokuwa wanaunganisha familia zilizopotezana. Mara zote za nyuma alikuwa hana pa kuwaelekeza, safari hii walikuwa na mahali pa kuanzia. Ilichukua miezi, barua zikapotea, akakata tamaa na kuinuka tena.

Kisha asubuhi moja Fideli akashuka bandarini Kigoma.

Mimi na Athumani ndio tuliompeleka dada yake kumpokea. Alimtazama muda, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamwuliza kitu kwa Kirundi. Mimi sikuelewa. Athumani, kwa Kiha cha mama yake, ambacho ni ndugu wa Kirundi, alielewa, akageuka upande akapangusa macho.

"Kasemaje?" nikamwuliza.

"Anamuuliza kama amekula."

Ndugu zangu, nilichojifunza ni hiki. Yule mdau wa caravan: toa antena nje ya bati, ipandishe, iangalie sehemu iliyo wazi, tumia waya mzima, na kaa mbali na jenereta. Kingine, usidharau shida ya mtu kwa sababu inaonekana ya anasa. Hujui anatafuta nini kwenye hicho kioo.

Dada Ansila alirudi kwao amani ilipopatikana. Ana wajukuu sasa, na bado ananiita Fundi.

Wenyeji wa Kigoma na Ujiji mliokuwepo miaka ile, semeni na nyie. Nani mwingine alimpata ndugu yake, na alimpataje?