Macho si Sabuni

Shangazi yangu hakuwahi kupiga picha kabla ya kusema imeshapigwa. Alikupanga, akakunyoosha kola, akarudi nyuma ya kamera, akanyamaza hadi pumzi ikakuishia kifuani, kisha akasema, "Basi, imetoka." Ukashusha mabega. Ukamgeukia mkeo, ukajikuna shingo, ukacheka kwa kuona yamekwisha. Hapo ndipo alipobonyeza.

Mtaa mzima uliujua ujanja huo, na mtaa mzima uliendelea kunaswa. Watoto walimpa jina la Imetoka. Baadaye hata mchungaji alimwita hivyo, isipokuwa madhabahuni.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha mbele, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani. Ndani kulikuwa na stuli, kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisitembee, na koti jeusi la kuazima lililowaenea wanaume wote kwa sababu mgongoni lilikazwa kwa vibanio vya nguo. Nyuma lilining'inia pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba maji yale huteremka tukishafunga mlango. Alasiri jua lilipenya dirishani, vumbi likaelea ndani yake polepole, na Shangazi alikaa akilitazama kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

Studio ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwetu nyumbani. Jumamosi alikuja na kamera shingoni, akapiga vitu ambavyo hakuna aliyemwomba: mama akimenya viazi, mimi nimesinzia juu ya meza, ndala zimeachwa mlangoni kila moja na njia yake, baba ametoa ncha ya ulimi akitunga uzi kwenye sindano.

"Unaharibu filamu bure," baba alimlalamikia. Alikuwa kaka yake, tena mkubwa, na hakusahau hilo. "Piga watu wakishavaa."

"Wakishavaa si wao tena, kaka."

Alikuwa mtu wa sala, ila si wa kelele. Aliniambia kwamba kila asubuhi Mungu humkabidhi mtu siku nzima, na jioni wengi wetu tunamrudishia hata hatujaifungua. Picha ilikuwa namna yake ya kuifungua. "Siusimamishi wakati," alisema. "Nani anaweza? Nasema tu kwamba nimeupokea."

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa na mtoto, akaanza kujigonga kwenye miimo ya milango. Akamimina chai pembeni ya kikombe, akakilaumu kikombe. Daktari wa macho alimweleza kwamba presha ya macho ilikuwa imekwisha kula pembeni kote, kimebaki kitundu cha katikati, nacho kinajifunga. Dawa ingekichelewesha kidogo. Kilichokwisha kwenda hakingerudi.

Kosa tulilofanya lilitoka kwenye upendo, ndiyo maana hakuna aliyeliona. Baba alishikilia kabisa kwamba kuchungulia kwenye kile kidirisha cha kamera ndiko kulikoyamaliza macho ya dada yake. Akamhamishia kwetu. Akaifungia kamera kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Mama akamficha Biblia na kumsomea yeye mwenyewe. Mapazia ya sebuleni yakashushwa mchana kutwa, na Shangazi akakalishwa kwenye kochi, macho amefumba, akitunzwa kama sahani za wageni. Nyumba ikawa na kiza cha kahawia, tukapita kwa kunyata. Yeye alikuwa akigeuza uso kufuata sauti zetu.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya yule mtumwa aliyefukia ardhini alichokabidhiwa na bwana wake, kwa kuogopa kukipoteza. Tuliporudi nyumbani Shangazi hakuvua viatu.

"Kaka, nipe kamera yangu."

"Daktari amesema..."

"Daktari amesema nitie dawa. Wewe ndiye uliyesema nifumbe."

"Nataka yadumu, mdogo wangu. Yakiisha je?"

"Macho si sabuni! Nikiyafumba yanakwenda, nikiyafumbua yanakwenda. Mnataka kitu cha mwisho nilichokiona duniani kiwe pazia lenu? Tena lenyewe baya."

"Wifi!" mama alisema. Pazia alilishona yeye. Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio.

Baba alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Halafu akaenda kabatini.

Siku zilizofuata zimebaki kichwani mwangu kama ndoto ya asubuhi, ile unayoijua kuwa ndoto na bado hutaki kuamka. Madirisha yote yalikuwa wazi. Shangazi alizunguka nyumba akitafuta kila kitu kwa kile kitundu chake: povu kwenye beseni, mgongo wa mama, kisigino cha mtoto wangu mchanga. Siku moja alimkuta baba kizingitini akipaka viatu rangi. Akainua kamera.

"Basi, imetoka."

Baba hakulegea. "Hunipati. Nimekuwa kaka yako tangu hujaota meno."

Walingojeana. Mwishowe Shangazi alishusha kamera, akakaa kando yake, akamtazama tu.

"Unaniangalia nini?"

"Nakuangalia wewe."

Baba aliacha brashi. Akamgeuzia uso wote, akautuliza, kama anayenyolewa. Picha ya siku hiyo haipo.

Kitundu kilijifunga kabla ya mvua. Hakulalamika, ila alinyamaza zaidi. Mimi nilipita chumbani kwake kila nikitoka kazini, nikafungua boksi la picha na kumsimulia moja moja: huyu ameshika ufagio, huyu anapiga chafya. Alinisikiliza ameegemea mto, akitabasamu mahali penye kutabasamu. Kifua kilipomshika tuliendelea hivyo hivyo, kwa sauti ya chini zaidi.

Jioni ile nilikuwa katikati ya picha ya mama na viazi vyake aliponigusa mkono.

"Mwanao yuko macho saa hizi?"

"Yuko, Shangazi. Anaogeshwa, halafu alale."

Sikujua kwamba naagwa.

"Funga boksi hilo, mwanangu. Hawa wamekwisha kuonekana. Nenda ukamwangalie yule."